Uwindaji wa Wahadzabe

Uwindaji wa Wahadzabe ni namna ya kutafuta nyama kwa miguu, kwa kutumia upinde na mishale, inayofuatwa na Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe ni zaidi ya watu 1,000. Ni miongoni mwa jamii chache za Afrika ambamo baadhi ya watu bado huishi kwa kuwinda, kurina asali na kukusanya matunda na mizizi, bila kulima wala kufuga.

Mazingira

Ziwa Eyasi ni ziwa la chumvi katika Bonde la Ufa, kusini-mashariki kwa Ziwa Viktoria. Zamani Wasukuma wa upande wa Mwanza na Shinyanga walikwenda huko kwa misafara kufuata chumvi. Wahadzabe wanaishi katika mikoa ya Manyara, Arusha, Singida na Simiyu. Huwinda kwenye vilima vya mawe, chini ya Milima ya Kidero na katika Bonde la Yaeda, penye migunga na mibuyu mingi. Wanyama wanaowindwa ni pamoja na twiga, pundamilia, pofu, tandala, swala pala, ngiri, nyani, digidigi na pimbi, pamoja na ndege kama kanga.

Silaha

Kila mwanamume hujitengenezea upinde wake. Upote wake hutokana na kano za wanyama, na mishale hufungwa manyoya ya ndege ili iruke sawasawa. Mishale ya mti mtupu hutumika kwa ndege na wanyama wadogo. Kwa wanyama wakubwa hutumika mishale yenye chembe za chuma, ambazo mara nyingi hufuliwa kutokana na misumari, kisha hupakwa sumu. Sumu hiyo hupikwa kutokana na mimea kama waridi la jangwani, nayo hudhuru moyo wa mnyama. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa. Iliyobaki huliwa bila madhara.

Safari ya kuwinda

Mwindaji hubeba vitu vichache: upinde, mishale, kisu au shoka, na pengine vijiti vya kupekechea moto. Mchana huenda peke yake au na mwenzake mmoja. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, wanaume wawili hujificha usiku karibu na dimbwi. Huenda wawili kwa sababu simba na chui pia hunywa hapo.

Mnyama mkubwa aliyechomwa mshale hafi papo hapo. Mwindaji hutazama alikoelekea, hurudi kambini, kisha baada ya saa kadhaa hutoka na wenzake kufuata nyayo na matone ya damu. Wakichelewa, hukuta fisi wamewatangulia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwanamume Mhadzabe hutembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, na mwanamke 5.8. Hata hivyo, watafiti waliowafuata wawindaji miaka ya 1980 waliona kwamba takriban siku 97 katika kila 100 mwindaji alirudi bila mnyama mkubwa. Ndiyo maana mizizi, ubuyu, matunda na asali ni muhimu sana kwa chakula cha kambi.

Kubeba na kugawana nyama

Kwa anayewinda kwa miguu, kazi kubwa huanza mnyama akishaanguka. Katika milima ya Marekani, mwindaji wa wapiti, aina ya kulungu ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300, hukata nyama vipande na kuiteremsha mgongoni kwa safari kadhaa. Wahadzabe huita watu wa kambi waje kubeba. Mnyama akiwa mkubwa sana, kama twiga, kambi yenyewe huweza kuhamia alipoangukia.

Nyama hugawiwa kambi nzima, wala aliyeua haimiliki peke yake. Sehemu fulani, kama moyo na figo, huitwa epeme na huliwa na wanaume waliokubaliwa katika mila hiyo tu.

Sheria na ardhi

Nchini Tanzania uwindaji huhitaji kibali, lakini kwa kawaida serikali imewaachia Wahadzabe kuwinda kwa ajili ya chakula. Ruhusa hiyo haina maana pasipo na pori. Mashamba na mifugo ya jamii jirani vimepunguza wanyama na kuziba njia zao za maji. Mwaka 2007 mpango wa kukodisha eneo la Yaeda kwa uwindaji wa wageni kutoka Falme za Kiarabu ulivunjika baada ya kupingwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya eneo la takriban hekta 20,000, inayowawezesha kulinda ardhi hiyo isigeuzwe mashamba.