Siku Moja Katika Mji wa Bremen

Mtu wa Mafinga akifika kaskazini ya Ujerumani, naye ana siku moja tu ya kutembea, twamshauri aende Bremen. Sisi tuliipata siku hiyo wala hatukuijutia, ingawa haikuwa ya furaha tupu.

Katika uwanja wa soko pana Jumba la Mji lenye umri wa zaidi ya miaka 600, na mbele yake sanamu ya jiwe ya Roland, shujaa mwenye upanga, iliyosimamishwa mwaka 1404 kuwa alama ya uhuru wa mji. Ni kazi ya kupendeza sana. Ubavuni mwa jumba wamo wanyama wanne wa shaba, punda, mbwa, paka na jogoo, wamepandana migongoni. Wageni huishika miguu ya punda hata imeng'aa. Hadithi yenyewe yasema wanyama hao walifunga safari ya Bremen lakini hawakufika.

Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1953. Mwaka huo huo Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, aliingia katika makumbusho yaliyo kando ya kituo cha treni kutafuta fuvu la Mtwa Mkwawa. Wasomaji wetu wa Iringa hawana haja ya kuhadithiwa vita vya Lugalo vya Agosti 1891, wala jinsi Mtwa alivyojipiga risasi Julai 1898 asitekwe hai. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu hilo katika miezi sita. Ikapita miaka zaidi ya 30.

Twining alikuta mafuvu mengi. Kwa vipimo vya vichwa na tundu la risasi likachaguliwa moja, likarudishwa Kalenga mwaka 1954 mikononi mwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wako wataalamu waliotia shaka kama ndilo lenyewe. Sisi, tukisimama mbele ya jengo lile, swali lililotukaa moyoni lilikuwa jingine: mafuvu yaliyoachwa yalikuwa ya akina nani?

Nyuma ya kituo yuko tembo mkubwa wa matofali, aliyejengwa mwaka 1932 kuyatukuza makoloni ya Ujerumani. Mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru, mji ulimgeuza kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Hawakumbomoa, na kwa maoni yetu walifanya vema.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Huko watu wametafuta kwa miaka mingi kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906.