Deraya Iliyowekwa Rehani

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, wajukuu zangu, mtu akitaka kupita Biashara Street baada ya tarawehe hupita upande upande. Akina mama wametoka Kisauni, Likoni, Changamwe na Majengo kununua nguo za Idi, na kila mmoja anamburura mtoto anayelia kwa usingizi. Wenye maduka wanaita wateja. Mafundi wa cherehani wamekaa vibarazani wakipinda leso, maana leso huuzwa pea, zikiwa bado hazijakatwa. Ukitoka dukani unampa fundi azitenganishe na kuzipinda kingo. Zikunjueni mziangalie vizuri. Nyingine mtazikuta na maandishi madogo ukingoni: Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanzishwa mwaka 1887, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa bado kinamasi na malisho ya Wamaasai.

Lakini usiku ule tulipopita pale pamoja, sikuwapeleka kutazama leso. Niliwataka mtazame watu. Duka moja la Mwislamu ambaye wazee wake walivuka bahari kutoka Bara Hindi. La pili la Mhindu, na juu ya kaunta ipo picha ya Lakshmi imevikwa shada la maua. La tatu la Bohora mwenye kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Nje yuko fundi Mkristo kutoka Taita, na mbele yake amesimama mama wa Kigiriama anayetaka leso yake iwe tayari kabla ya ibada ya Jumapili. Hao wote wamekutana katika urefu wa hatua chache.

Na nyumba za ibada ni vivyo hivyo. Teremkeni Mji wa Kale mtauona Msikiti wa Mandhry, uliojengwa karibu mwaka 1570. Rudini Barabara ya Langoni, lipo hekalu la Wajaini la mwaka 1963, jeupe kwa marumaru, na mlangoni mtavua viatu kama mnavyovua msikitini. Barabara ya Nkrumah lipo kanisa kuu la Waanglikana, lililokamilika mwaka 1905. Waliolijenga waliliwekea kuba na matao ya mtindo wa pwani, hata mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti.

Basi mmoja wenu, simtaji, akanivuta kanzu akaniuliza: "Babu, yafaa kweli kununua nguo ya Idi kwa mtu anayeabudu sanamu?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka. Mtoto anayeuliza hivyo ameichukulia dini yake kwa uzito, na swali lake si la leo. Nikamwambia jibu lake lipo Madina, ndani ya deraya.

Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyeisimulia habari hii, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume alihitaji chakula cha nyumbani kwake. Akakinunua kwa mkopo kwa Myahudi mmoja: pishi thelathini za shayiri. Mkopeshaji hutaka dhamana, na Mtume akamwachia deraya yake ya chuma, lile vazi la vita, iwe rehani mpaka deni lilipwe. Alifariki dunia deraya ikiwa bado kule. Imepokewa kwamba Abubakar ndiye aliyekuja kuikomboa, akampa Ali.

Tulieni hapo kidogo, msikimbilie mbele. Madina ya wakati huo ilikuwa imeona vita, na baadhi ya makabila ya Kiyahudi yalikuwa yamepigana na Waislamu. Mtume ndiye aliyekuwa kiongozi wa mji. Angeweza kuagiza gunia likaletwa. Hakuagiza, alikwenda kama mnunuzi yeyote asiye na fedha mkononi, akakubali sharti la muuzaji, tena sharti lenyewe likawa kuachia chombo cha kumkinga mwilini. Yule Myahudi naye alikuwa na hakika kwamba atalipwa na huyu mwenye nguvu kuliko yeye. Asingekuwa na hakika hiyo, asingempimia hata kibaba.

Wanazuoni waliisoma habari hii wakakwama mahali palepale mtakapokwama nyinyi. Madina walikuwapo Waislamu wenye mali, kina Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf. Kwa nini asikope kwao? Wengine wakasema alitaka umma ujue kwamba kufanya biashara na asiye Mwislamu ni halali, pasiwe na shaka tena. Wengine wakasema huenda siku hiyo hakuna sahaba aliyekuwa na nafaka ya ziada. Na wapo waliosema kwamba angekopa kwa masahaba, wangekataa kupokea malipo, na yeye hakutaka kumbebesha mtu mzigo huo.

Mimi jibu hili la tatu ndilo lililonikaa moyoni. Nyinyi watoto wa Mombasa mnajua adha ya kununua kwa jamaa: bei haitajwi, na lawama haziishi. Kwa yule Myahudi Mtume alipata kitu adimu, nacho ni kuwa mteja tu. Deni likawa deni na rehani ikawa rehani, kila mmoja akiijua haki yake.

Ndiyo sababu katika fiqhi, na sisi wa pwani hii wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, mlango wa rehani haufungwi kwa mtu wa dini nyingine. Na mizani pia. Suratul Mutaffifin inawaonya vikali wanaojipimia kamili wakipokea na kupunguza wakiwapimia wenzao. Nani wanaopunjwa hapo? Watu, basi. Haikuulizwa wanaswali wapi. Mwenye duka akikata mita pungufu kwa sababu mnunuzi amevaa msalaba shingoni, onyo hilo ni lake, hata kama paji lake la uso lina alama ya kusujudu.

Sasa, mjanja mmoja kati yenu ataniambia: basi Babu, dini zote ni sawa. La, sikusema hivyo, na sitaki mwende madrasa mkamwambie mwalimu kwamba nimesema hivyo. Mwislamu anaamini Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Mkristo anaamini mengine juu ya Nabii Isa. Mhindu yule wa duka la pili ana imani iliyo mbali zaidi na yetu. Tofauti hizo ni kubwa, na anayezifunika kwa maneno matamu hamheshimu yeyote kati ya hao watatu. Qurani inaruhusu watu wajadiliane, tena kwa njia iliyo bora. Inachokataza, katika Suratul An'am aya ya 108, ni kuyatukana yale ambayo wengine wanayaabudu, na sababu imetajwa papo hapo: wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa chuki bila ya elimu. Kwa hiyo mkimwona mtoto mwenzenu anaikejeli picha ya Lakshmi kule dukani, msidhani anaipigania dini. Anafungua mlango ambao aya imeufunga.

Tena kumbukeni kwamba si kila mahali mtakuwa wengi. Hapa Mji wa Kale adhana inasikika kila upande. Nendeni Kisumu au Nyeri mkasome, mtajikuta darasani Waislamu watatu. Historia yetu inalo la kuwaambia huko pia. Mwaka 615 hivi, Waislamu wa Makka walipoteswa na jamaa zao wenyewe, Mtume aliwaelekeza wavuke Bahari ya Shamu waje Afrika, Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Ja'far bin Abi Talib alisimama mbele ya mfalme huyo, Najashi, akamsomea aya za Suratu Maryam. Makureshi, hao jamaa zao wa Makka, waliokuja na zawadi kuwadai wakimbizi wakarudi mikono mitupu. Waislamu wale wakaishi pale kwa amani, wachache chini ya mfalme wa dini nyingine.

Msije mkadhani kisiwa hiki hakijawahi kuchafuka. Tarehe 27 Agosti 2012 mhubiri Aboud Rogo aliuawa kwa risasi barabarani, na kabla jua halijatua vijana walikuwa wameyashambulia makanisa. Oktoba 2013 akauawa Sheikh Ibrahim Omar, na kanisa la Jeshi la Wokovu pale Majengo likatiwa moto. Mimi niwaulize: waliokuwa wakiimba ndani ya kanisa lile, ndio walioshika bunduki? Hasira ya kufiwa naielewa. Kumtwisha hasira hiyo jirani asiyehusika siielewi, na Suratul Maida aya ya 8 imesema wazi kwamba chuki juu ya watu isikufanye uache uadilifu. Suratul Hajj nayo, aya ya 40, inataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, kuwa ni nyumba ambazo zingebomolewa lau Mungu asingewazuia watu kwa watu. Msikiti umetajwa wa mwisho katika orodha hiyo. Nyakati kama zile masheikh na maaskofu wa Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani, CICC, huketi pamoja kutuliza mji, na kazi yao ni ngumu kuliko wanavyosifiwa.

Kuna habari moja nimeiacha nyuma kusudi, kwa kuwa ndiyo niipendayo kuliko zote, na ilitokea kisiwani humuhumu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa jumuiya ya Kanisa la Uingereza. Hakuficha alichokijia: alitaka kuwafanya watu Wakristo. Seyyid Said, Sultani aliyekaa Unguja, Mwislamu wa Kiibadhi, alijua hivyo na bado akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani wamsaidie. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ikamuua mkewe, Rosina, na siku chache baadaye kitoto chao kichanga. Kaburi liko ng'ambo, upande wa Nyali.

Katikati ya majonzi hayo Krapf alikuwa na kazi aliyoianza Juni: kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa bado anajifunza. Na mtu aliyeketi naye kumsaidia hakuwa katekista, maana makatekista hawakuwapo. Alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mtu wa Barawa, mmoja wa wasomi wakubwa mjini. Hakimu wa sheria ya Kiislamu, na mmisionari ambaye maandishi yake juu ya Uislamu yana maneno makali, wameinamia karatasi moja wakitafuta maneno ya kueleza mbingu na ardhi zilivyoumbwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Kadhi alikubali. Adamu, Nuhu, Ibrahimu na Yusufu hawakuwa wageni kwake. Aliwajua tangu chuoni. Mgeni naye alikuja na barua ya Sultani, na adabu ya pwani haimfungii mgeni mlango. Lakini nadhani lilikuwapo na jambo jingine. Mtu mwenye hakika na imani yake haogopi kuketi na asiyekubaliana naye, wala hasubiri wakubaliane ndipo amfanyie wema. Kadhi hakubatizwa, Krapf hakusilimu, na kazi ikaendelea. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wanazuoni wa lugha za Mashariki, nazo zimo katika maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi hizi mnazosomea shuleni. Krapf akaendelea kukusanya maneno mpaka likatoka kamusi kubwa la Kiswahili, London, mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla.