Bendera Tatu za Hatari

Bangladesh ni nchi ya wakulima na wavuvi huko Asia. Zamani ilikuwa sehemu ya Pakistani. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kilipiga pwani yake. Bahari ikapanda nchi kavu. Watu zaidi ya 300,000 walikufa. Mwaka 1971 vikafuata vita vya uhuru.

Wananchi hawakukaa kulia tu. Mwaka 1972 ulianza mpango wa tahadhari kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Kila kijiji cha mpango kilikuwa na watu wa kujitolea. Hao husikiliza redio, kisha hupandisha bendera. Bendera moja ni tahadhari. Mbili ni hatari. Tatu ni hatari kubwa: ondokeni! Hupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Huwasaidia wazee na wagonjwa.

Lakini wengine walikataa kuondoka. Nani amwache ng'ombe wake afe maji? Basi vilijengwa vilima vya udongo, mifugo nayo ipate pa kukimbilia.

Mei 2020 kilikuja kimbunga kingine kikali, Amphan. Watu zaidi ya milioni mbili walihama mapema. Waliokufa Bangladesh hawakufika 100.

Ndugu msomaji, kimbunga hakizuiliki, lakini kijiji kinaweza kujipanga. Mafuriko yakija usiku kijijini kwenu, nani atambishia hodi bibi anayeishi peke yake? Mchagueni mtu huyo sasa, kabla ya mvua.