Kijana Anapopewa Lori la Kwanza

Tangu lami ifike Moyale katika miaka ya 2010, malori yanapita hapa Ngaremara usiku na mchana. Vijana wetu walioanza kama maturniboi sasa wanapewa usukani. Tunafurahi, lakini kuna mambo tungependa wayajue.

Lori lisilo na mbao za kando lina taabu yake. Ukibeba nondo, na ngamia avuke barabara ghafla, ukikanyaga breki nondo zinaweza kuteleza mpaka kwa dereva. Kwa hivyo zipange ziguse ukuta wa mbele. Kagua cheni mwenyewe, hata kama turniboi amekwisha kufunga. Halafu simama baada ya kilomita chache ukaze tena, maana mzigo ukitikiswa hulegea.

Kutoka Timau hadi Isiolo barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Rudisha gia chini kabla ya kuanza kuteremka. Breki zikishapata moto hazishiki.

Lakini kazi ngumu kabisa ni kukataa. Mama amesimama Archer's Post na mtoto, jua kali, anaomba akae juu ya mzigo. Labda ni shangazi yako! Kabla ya lami, watu wa kaskazini walisafiri hivyo juu ya malori ya mifugo, basi atashangaa ukikataa. Siku hizi lori linakimbia, na juu ya nondo hakuna pa kushika. Kama kuna kiti ndani, mpe. Kama hakuna, msaidie kusimamisha matatu.