Kirangozi na Wapagazi Ndani ya Kompyuta

Kijana aliingia kibandani kwangu Isevya mchana mmoja wa Oktoba, jua la Tabora likiwa limekaza kama kawaida yake kabla ya mvua za kwanza. Alikuwa amekumbatia boksi kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama fundi." Marahaba, mwanangu, karibu. Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya grafiki, Radeon RX 580 ya mtumba, nzito, yenye feni mbili, iliyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mjomba wake alimnunulia kama zawadi ya kufaulu kidato cha sita.

"Naomba uniwekee tu. Kompyuta ninayo nyumbani."

Nikamwambia akailete kompyuta kwanza. Akarudi saa kumi jioni na bodaboda, amepakata Dell OptiPlex 7010, zile mashine nyeusi ambazo ofisi za Ulaya zilizitumia miaka kumi na zaidi iliyopita na leo utazikuta zimepangwa kama matofali katika maduka ya Kariakoo. Ni mashine ninayoipenda. Ukiifungua hutumii bisibisi, na prosesa yake, Core i5-3470 ya mwaka 2012, bado ina nguvu ya kutosha kwa kazi nyingi. Lakini pawa saplai yake ni ya wati 275 tu. RX 580 peke yake inakula wati 185, nayo inataka waya wake wa umeme wenye pini nane. Waya huo kwenye Dell hii haupo. Nikamwonyesha tundu la kadi, nikamwonyesha na nyaya zote zinazotoka kwenye pawa saplai. Alizihesabu mwenyewe, moja moja, kisha akakaa kwenye benchi bila kusema neno.

Swali ninaloulizwa zaidi hapa kibandani ni hili: kadi gani ni nzuri kwa magemu? Nami kila mara hujibu kwa swali: itakaa na prosesa ipi? Watu hudhani nakwepa. Sikwepi. Kadi nzuri peke yake haipo, kama ambavyo mpagazi hodari asiye na msafara hafikishi mzigo popote.

Nasema msafara kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na misafara. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nguo na shanga kutoka Bagamoyo na pembe za ndovu kutoka pande za Ujiji zilipita hapa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa wazee wetu Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila 2, karibu kilo 32. Mbele ya wote alitangulia kirangozi. Yeye ndiye aliyeijua njia na kuamua waondoke lini na wapumzike wapi, na mpagazi aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Bibi yangu alilitamka neno hilo kwa heshima ya pekee: kirangozi. Nilipoanza kuwafundisha vijana kazi hii, nilijikuta nalitumia kila siku, kwa sababu linaeleza vizuri kuliko michoro yote niliyowahi kubandika ukutani.

Prosesa ni kirangozi. Ina viini vichache vinavyofanya hesabu, lakini kila kimoja kina akili nyingi. Hiyo i5-3470 ina viini vinne. Kadi ya grafiki ni kundi la wapagazi: GeForce GTX 1050 Ti, kadi ndogo ya mwaka 2016, ina viini 768. Kimoja kimoja ni dhaifu, lakini vyote hufanya kazi ya aina moja kwa mpigo.

Chukua GTA V, gemu ambalo vijana wangu hawalichoki. Unapoendesha gari mjini, prosesa ndiyo inayohesabu gari lako limefika wapi, yule mpita njia atakimbilia upande gani, kidole chako kimebonyeza nini, na kipi kinaonekana kwenye kioo na kipi kimejificha nyuma ya ukuta. Ikimaliza hutoa amri: chora gari hapa, chora kivuli pale. Kadi huzipokea amri na kupaka rangi nukta kwa nukta, na kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya 2,000,000. Picha moja iliyokamilika inaitwa fremu. Ili gemu lionekane laini tunataka fremu 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu.

Hawa wawili hufanya kazi kwa kupokezana. Kadi ikiwa inachora fremu hii, prosesa tayari inaandaa ijayo. Ndiyo maana mwendo wa gemu ni mwendo wa yule aliye mzito. Kirangozi akichelewa kuitisha safari, wapagazi 700 watakaa chini ya mwembe hata wawe na mabega ya chuma. Kirangozi akiwa mwepesi na wapagazi wakawa wachache, atafika mtoni na kuwangoja.

Hili nilijifunza kwa pesa yangu. Mwaka 2019 niliuza ndoo za asali niliyoletewa na shemeji yangu wa Sikonge, nikanunua GTX 1060 ya gigabaiti 6. Nilitaka kompyuta moja kali hapa kibandani, vijana waje kucheza jioni na kulipa kidogo. Kadi ile niliiweka kwenye mashine niliyokuwa nayo, yenye Core 2 Duo E8400, prosesa ya mwaka 2008 yenye viini viwili. Pawa saplai ilitosha, waya ulikuwepo, kompyuta ikawaka vizuri. Jioni ya kwanza nilifungua GTA V mbele ya vijana wanane waliojazana nyuma yangu. Picha ilikuwa nzuri kupita kiasi. Gari likaondoka, nikakanyaga mafuta, na kila nilipofika kona mpya gemu likaganda. Mara moja barabara ilichelewa kutokea na gari likaelea juu ya kitu cha kijivu kisicho na umbo. Namba ya fremu pembeni ya kioo ilicheza kati ya 20 na 30. Nikapunguza ubora wa picha wote hadi chini kabisa. Namba haikutikisika. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, wa mwisho akaniambia kwa upole, "Pole, mama fundi, labda kadi ni mbovu."

Kadi haikuwa mbovu, ilikuwa imekaa bila kazi. Nilipoangalia matumizi yake, haikuwa ikifika hata nusu ya uwezo, huku viini vyote viwili vya prosesa vikiwa vimejaa hadi asilimia 100. Laiti ningesoma karatasi ya gemu lenyewe nisingeumia. GTA V lilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015, watengenezaji walitaja vifaa wanavyovipendekeza, na walivitaja kwa jozi: prosesa i5-3470 pamoja na kadi GTX 660. Na hata kiwango cha chini kabisa walichotaja kilikuwa Core 2 Quad, prosesa ya viini vinne. Mimi nilikuja na viwili.

Miezi mitatu baadaye nilipata madabodi ya mtumba yenye i5-3470 na RAM ya gigabaiti 8, vipande viwili vya nne nne. Vipande viwili ni bora kuliko kimoja cha nane, kwa sababu prosesa huvisoma kwa njia mbili kwa pamoja. Kadi ilikuwa ile ile na kioo kile kile. Fremu zikapita 60 na kuganda kwenye kona kukaisha. Usiku ule nililia kidogo, nakiri, kwa furaha na kwa zile ndoo za asali.

Tangu hapo nina msimamo ambao mafundi wenzangu wengine hawakubaliani nao: ukiwa na pesa kidogo, anza kumlipa kirangozi. Kadi dhaifu inasaidika. Utapunguza vivuli, utapunguza nukta za kioo kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, mzigo wake utashuka hadi chini ya nusu na fremu zitapanda. Gemu litakuwa si zuri sana machoni, lakini litatembea sawasawa. Prosesa ikizidiwa huna pa kushika. Kuna mawili matatu ya kupunguza, kama wingi wa watu mitaani na umbali wa kuona, basi. Na ugonjwa wake ni mbaya zaidi kwa mchezaji, kwa sababu fremu haziwi chache tu bali zinakuja kwa kurukaruka, na mkono unaupoteza mchezo.

Msimamo huo una mpaka wake. Prosesa ya i5-3470 ina kigrafiki chake cha ndani, HD 2500, ambacho kitacheza gemu la zamani la GTA San Andreas bila shida, lakini kwa GTA V utataabika hata ukiwa na prosesa nzuri kiasi gani. Kirangozi hawezi kubeba mzigo wa msafara wote mgongoni kwake.

Kujua nani anakuchelewesha hakuhitaji fundi. Cheza gemu lako dakika chache, uandike namba ya fremu. Kisha shusha nukta za kioo hadi 720, usiguse kingine, urudi mahali pale pale. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, ni prosesa. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Windows itakuonyesha pia asilimia za kazi za wote wawili, ila hapo usidanganyike: prosesa ya viini vinne inaweza kuonyesha asilimia 40 huku kiini kimoja kikiwa kimejaa kabisa, na gemu likimsubiri huyo huyo mmoja. Na kabla hujamhukumu yeyote, toa vumbi. Vumbi letu jekundu likiziba feni, joto hupanda na vifaa hupunguza mwendo vyenyewe ili visiungue. Nimeshawahi kupangusa feni na kubadilisha ile krimu nyeupe iliyokauka juu ya prosesa, mwenye mashine akadhani nimemwekea mpya.

Turudi kwa kijana wangu. Muuzaji aliyetuma RX 580 alikataa kuirudisha. Tukamtafutia mnunuzi Mwanza, mwenye kompyuta yenye pawa saplai kubwa, na kwa pesa ile tukapata GTX 1650, kadi ya mwaka 2019 inayokula wati 75, kiasi ambacho tundu lenyewe la madabodi linaruhusiwa kutoa. Nilimsisitiza muuzaji wa pili kwa simu mara mbili: anipigie picha ubavu wa kadi, kwa sababu kuna GTX 1650 zenye tundu la waya wa pini sita na nyingine hazina, nasi tulitaka isiyo nalo.

Iliingia kwenye Dell kama iliyozaliwa humo. Mama yake kijana alikuja pia siku hiyo, akakaa kwenye benchi na kanga yake begani. "Dada, hii ndiyo ile iliyotutesa?" Nikamwambia hapana, hii ndiyo dawa yake.

Kijana akafungua GTA V, akaanzia katikati ya mji, magari na watu kila upande. Namba ikasimama kwenye 62, mara 58. Nikamwambia ashushe kioo hadi 720. Namba ikabaki 60. "Kwa hiyo ni prosesa," akasema. Nikamwambia aendeshe atoke mjini, apande milimani kwenye nyasi ndefu, akiwa amerudisha kioo kwenye 1080 na ubora wa nyasi juu kabisa. Namba ikaanza kuteremka: 55, 49, 44. Akashusha kioo tena, pale pale kwenye nyasi, ikaruka hadi 70 na zaidi. Akanigeukia macho yamemtoka.

"Mama fundi, mbona huku ni kadi?"

Mama yake akasogea akachungulia kioo, akauliza zile ni nyasi za wapi. Kijana hakumjibu. Alikuwa ameshageuza gari kurudi mjini, jicho moja barabarani na jingine kwenye namba, anataka kuona itabadilika kwenye mtaa upi.