Oili si dakika 15: utenge muda gani ukitengeneza injini mwenyewe

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na familia za Dallas na Fort Worth, na wengine kwa simu kutoka Houston: "Kaka, nikibadilisha oili mwenyewe itanichukua muda gani?" Anayeuliza mara nyingi ameshatazama video, na kijana wa kwenye video amemaliza kwa dakika 15. Video haidanganyi sana. Kufungua nati ya chini, kumwaga oili, kubadilisha filta na kumimina oili mpya ni dakika 15 kweli, kwa mtu mwenye mashine ya kuinua gari, spana zote zimepangwa ukutani, na mikono iliyofanya kazi hiyo mara mia mbili. Wewe uko kwenye maegesho ya apatimenti, una jeki iliyokuja na gari, na Jumatatu zamu yako inaanza saa 11 alfajiri. Mara ya kwanza tenga masaa 3, bila kuhesabu kwenda dukani. Mara ya pili yatakuwa 2. Ukishazoea, saa 1 na kidogo, na hapo utabaki, kwa sababu oili haiharakishwi kutiririka.

Naandika kuhusu muda, wala si kuhusu spana, kwa sababu muda ndio unaowaponza watu. Gari hapa Texas si anasa. Arlington, mji wa watu karibu 400,000, hauna mabasi ya kawaida ya mji. Kuna magari madogo ya kuita kwa simu tu. Dallas wana DART, Fort Worth wana Trinity Metro, Houston wana METRO, lakini jaribu kufika kwa basi kwenye ghala la pembezoni kabla jua halijachomoza. Injini ikilala imefunguliwa Jumapili usiku, kinachoyumba ni kazi. Piga hesabu: ukilipwa dola 17 kwa saa, zamu moja ya masaa 8 ni dola 136 kabla ya kodi. Kubadilisha oili mwenyewe kunakuokolea labda dola 40. Zamu moja ukiikosa, umepoteza akiba ya oili ya mara tatu.

Gereji inapokwambia kazi fulani ni "masaa 3", fundi hajakadiria kwa macho. Kuna kitabu, siku hizi ni programu ya kompyuta, kinachoeleza kwa kila aina ya gari kila kazi ni masaa mangapi. Unalipa masaa ya kitabu hata kama fundi amemaliza mapema. Hiyo namba inaweza kukusaidia hata usipolipa gereji. Piga simu, taja aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, uliza kazi hiyo ni masaa mangapi. Kisha zidisha mara 3 ikiwa hujawahi kuifanya, mara 2 ikiwa umeifanya mara moja. Kuzidisha huku ni kipimo changu mwenyewe, kutokana na kuona familia nyingi zikihangaika, na mpaka sasa kinakaribia ukweli.

Wale mliokuwa mafundi Uvira, Goma au Kigoma, najua mnacheka. Injini mnaijua kuliko mimi. Lakini hata ninyi mtapoteza saa nzima kwenye gari la hapa kwa vitu vidogo: sahani ya plastiki iliyofunika chini ya injini kwa vibanio kumi ambavyo viwili vimevunjika, au filta isiyoshikika kwa mkono. Corolla ya mwaka 2009 mpaka 2013, kwa mfano, yenye injini ya lita 1.8, filta yake imekaa ndani ya kikombe, na kikombe kinahitaji spana yake maalumu yenye umbo la bakuli. Usipokuwa nayo utaishia kukivunja. Injini hiyo inabeba kwati 4.4 za oili, kwa hiyo jagi moja la kwati 5 linatosha na kubaki kidogo. Kiasi cha gari lako na aina ya oili, kama ni 0W-20 au 5W-30, vimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na aina mara nyingi iko pia kwenye kifuniko cha kumiminia. Hakikisha kabla ya kulipa.

Hebu tufuate masaa 3 hayo yanapokwenda. Injini iliyotoka barabarani sasa hivi itakuunguza. Ya baridi kabisa inatoa oili polepole. Iache ipoe nusu saa hivi, ibaki na uvuguvugu. Kuinua gari na kuliweka kwenye stendi ni nusu saa nyingine, na hapa sitaki mtu apunguze hata dakika. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Usiingize hata bega chini ya gari lililokaa juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, mawe au magogo kama tulivyozoea kuona kando ya barabara nyumbani. Tofali la zege linapasuka ghafla, halitoi onyo. Mwezi wa Julai kuna jambo jingine: lami ya maegesho inalainika kwa jua na mguu wa jeki unazama, basi weka kipande cha ubao mnene chini yake. Huna stendi mbili? Kazi ya chini ya gari isubiri mpaka uzipate.

Nati ya chini huenda imekazwa kupita kiasi na aliyeifunga mwisho. Hiyo ni dakika 20 za kuhangaika, na ukitumia spana isiyoshika vizuri utailainisha pembe, halafu siku nzima imekwenda. Oili imwagike dakika 10 au 15 mpaka ibaki matone. Kama filta yako ni ile ya kopo la chuma, ukiitoa angalia mpira wake wa duara umetoka nayo. Mara nyingine mpira wa zamani unabaki umeganda kwenye injini, mtu anafunga filta mpya juu yake, na oili yote inamwagika akiwa barabarani kuu. Kuangalia ni sekunde 5. Kisha mimina, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika 5, pima kwa kijiti, chungulia chini kama kuna tone. Dakika 20 za mwisho hizo ndizo watu wanazozikata wakiwa wamechoka, na ndizo zinazolinda injini.

Oili ya zamani nayo ina muda wake. Usiimwage kwenye mtaro wala kwenye pipa la takataka. Ni kosa kisheria Texas, na maji ya mitaro ya Houston yanaingia moja kwa moja kwenye bayou bila kusafishwa. Shirika la mazingira la serikali, EPA, linasema galoni 1 ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Irudishe ndani ya jagi lile lile tupu, funga, upeleke duka la vipuri. AutoZone na O'Reilly wanapokea oili chafu bure kwenye matawi yao mengi. Uliza kwanza tawi lako. Maduka haya pia wanaazimisha vifaa: unaweka dola za amana, unarudisha kifaa, unarudishiwa pesa. Wengi wetu hatujui hilo, tunanunua spana ya dola 40 kwa kazi ya siku moja. Ila amana inakaa kwenye kadi yako mpaka urudishe, usiihesabu kama pesa ya chakula cha wiki hiyo.

Kabla ya yote hayo, soma mkataba wa nyumba. Apatimenti nyingi zinakataza kutengeneza magari kwenye maegesho, na gari lililokaa juu ya stendi usiku kucha linaweza kubandikwa karatasi kisha kuvutwa. Usidhani jirani akifanya na wewe umeruhusiwa. Uliza ofisi, au tuletee mkataba tuusome pamoja. Kama hairuhusiwi, tafuta ndugu mwenye nyumba yenye barabara yake ya kuegeshea, na uhesabu muda wa kwenda kwake.

Kazi nyingine za injini nitazipitia haraka, kwa mtu anayefanya mara ya kwanza. Filta ya hewa ni dakika 10 hadi 20, haihitaji kuinua gari, na ningependa kila mtu aanze na hiyo. Betri ni nusu saa, au saa nzima kama nyaya zina kutu nyeupe. Toa waya wa hasi kwanza, urudishe wa mwisho. Joto la Texas linaua betri mapema kuliko baridi, kwa hiyo ikishapita miaka 3 ipeleke ikapimwe, maduka ya vipuri wanapima bure. Mkanda wa nje wa injini ni saa 1 mpaka 2. Upige picha jinsi ulivyopita kwenye makapi kabla hujaulegeza. Kulanti ni nusu siku, na sehemu kubwa ni kusubiri: mfuniko wa redieta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yaliyobanwa humo yatakurukia usoni. Kulanti ina utamu kidogo na ni sumu kali. Watoto wawe ndani mpaka chombo kifungwe.

Plagi zinataka maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo muda unadanganya. Injini ya silinda 4, kama ya Corolla au Camry ndogo, plagi zote ziko juu, unaziona. Masaa 2 yanatosha, injini ikiwa baridi kabisa. Lakini familia zetu ni kubwa na wengi mmenunua Sienna. Sienna ya injini ya 3.5 ina plagi 6, tatu za mbele unazifikia, tatu za nyuma zimejificha kati ya injini na ukuta wa gari, na kuzifikia lazima utoe sehemu ya juu inayogawa hewa. Mtu anaona tatu za mbele zimetoka kwa dakika 40, anafikiri amefika nusu. Hajafika hata robo. Hiyo ni siku nzima, na unahitaji gasketi mpya mkononi kabla ya kuanza. Habari njema ni kwamba plagi za iridiamu za gari hilo zimepangiwa maili 120,000, hivyo kazi hii haiji mara nyingi. Mimi ningemlipa fundi.

Taiming belti usijaribu. Honda Odyssey ya V6 inatumia mkanda huo, Sienna kuanzia 2007 inatumia cheni. Mkanda wa Odyssey ukikosewa jino, pistoni zinagonga vali na injini imekufa. Ukinunua Odyssey iliyotumika yenye maili zaidi ya 100,000, swali la kwanza kwa muuzaji ni risiti ya mkanda huo.

Siku ya kuanza ni Jumamosi, saa 12 asubuhi, saa ambayo simu yako inaandika 6:00. Kuna baridi kidogo, na maduka yote yatafunguliwa ukiwa bado kazini, kwa maana lazima kutakosekana kitu. Hesabu safari moja ya dukani kwa kila kazi, na kama gari ni moja nyumbani, panga mapema nani atakupeleka. Jumapili madirisha ya vipuri ya wauzaji wa magari mengi yamefungwa, na kifaa kidogo cha plastiki huenda kinapatikana huko tu. Jiwekee na saa ya kusimama: ikifika saa 8 mchana na hujaanza kufunga, usifungue kitu kingine. Jumapili yote inabaki ya kurekebisha au kutafuta usafiri. Ukiona haitawezekana, mwambie msimamizi wako Jumapili mchana, kwa ujumbe wa simu ulioandikwa. Usimpigie Jumatatu dakika 10 kabla ya zamu.

Utakapochomoa betri kwa kazi yoyote, angalia kwanza tarehe ya stika ya usajili. Tangu Januari 1, 2025 Texas imeondoa ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi, na wengi wamesikia kwamba "ukaguzi umekwisha". Kipimo cha moshi hakijaondolewa kwa kaunti zetu. Dallas, Tarrant, Collin, Denton, Harris, Fort Bend na kaunti kadhaa jirani bado wanapima magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 mpaka 24. Kipimo kinasoma kompyuta ya gari, na ukichomoa betri kompyuta inasahau majaribio yake yote. Kufuta taa ya injini kwa kifaa kunafanya vivyo hivyo. Kesho yake ukienda kupima, utaambiwa gari haliko tayari. Liendeshe kama kawaida siku kadhaa, mjini na barabara kuu, mara nyingi maili 50 hadi 100, ndipo uende. Kipimo kinakubaliwa siku 90 kabla ya usajili kuisha, kwa hiyo pima kwanza, betri ibadilishwe baadaye ikiwa bado inawasha.

Risiti za oili na filta ziweke kwenye bahasha pamoja na karatasi ya tarehe na maili. Gari likiwa bado na waranti, sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 hairuhusu kampuni kuifuta kwa sababu tu ulibadilisha oili mwenyewe, ila inaweza kudai uthibitisho kwamba ilibadilishwa. Bahasha hiyo ikae nyumbani. Ndani ya gari wino wa risiti utafutika kwa joto kabla Agosti haijaisha.