Sukari Iliyofungwa Katika Makapi ya Mkonge

Katika mashamba ya Korogwe, na yale ya Kabuku upande wa Handeni, mkonge hulimwa kwa ajili ya singa. Hata hivyo, kila kilo 100 za majani ziingiazo katika korona hutoa takriban kilo 4 tu za singa kavu. Zilizosalia ni maji, utomvu na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalisukumwa hadi mabondeni na mitoni, yakaoza na kuwanyima samaki hewa.

Makapi hayo yana sukari nyingi, ila sukari yenyewe imefungwa. Imeungana katika minyororo mirefu iitwayo selulosi, ikashikwa na hemiselulosi, kisha ikazungukwa na lignini, kitu kile kigumu kiupacho mti uimara wake. Bakteria watengenezao gesi hawafaidi chochote mpaka vimeng'enya viifikie selulosi na kuikata. Kwa hiyo makapi hupaswa kutayarishwa kwanza. Mvuke mkali na asidi hufanya kazi hiyo vizuri, lakini gharama yake ni mzigo kwa shamba la mkonge.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walijaribu njia nyepesi zaidi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, makapi yaliyoachwa yapate hewa kwa saa 9 kabla ya kufungiwa yalitoa methani zaidi kwa asilimia 26. Vijidudu vya hewani huanza kuifungua selulosi. Lakini hapa subira haivuti heri, kwani vikicheleweshwa huila sukari iliyokusudiwa kuwa gesi. Mwaka 2006 ilionekana pia kwamba taka za singa zikikatwa vipande vya milimita 2, methani huongezeka kwa asilimia 23, maana vimeng'enya hupata mahali pengi pa kushika.

Mwaka 2008 kampuni ya Katani, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, ilizindua mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya mkonge huko Hale, wilayani Korogwe. Tope litokalo katika mtambo wa namna hiyo hubaki na naitrojeni, nalo hufaa kurudishwa shambani kama mbolea. Jambo la kupimwa kwa makini ni ukataji: kisu nacho hula umeme, na kadiri vipande viwavyo vidogo ndivyo kilavyo zaidi.